Aliyeimba Jumapili

Kiapo cha yule mama kilikuwa kifupi, na ufupi wake ndio uliomtia Luhaga wasiwasi. Mtu anayedanganya hujaza maneno. Huyu alikuwa amesema mambo machache, akabonyeza dole gumba mwishoni mwa karatasi, basi.

"Soma tena," alisema Wakili Dorotea. "Labda mimi nimesoma vibaya."

Luhaga, mpelelezi wake, alisoma tena. Ofisi ilikuwa ghorofani Nyegezi, dirisha likitazama stendi, na chini wapiga debe walikuwa wakiwaita abiria wa Bukoba kwa sauti zilizokwisha kukwaruzika tangu asubuhi. Kiapo kilisema kwamba aliyeapa ni Agutu, mjane, mkazi wa ufukweni Rorya. Ni mama mzazi wa Amondi, mdai katika shauri hili. Tangu binti yake apasuliwe shingo huko Mwanza, huzungumza naye kwa simu kila Jumapili baada ya ibada, na binti humwimbia. Sauti yake ni nzuri kama zamani.

"Mama mzazi, kaka Luhaga!" Dorotea alisema. "Wangeniletea daktari, ningemhoji mpaka atoke jasho. Sasa nimsimamishe mama wa mteja wangu mbele ya jaji, nimwambieje? Mama, wewe mwongo?"

"Nani alikwenda kuchukua kiapo?"

"Kijana wa wakili wa hospitali. Mpole sana, nasikia. Alibeba na sukari."

"Na mama anajua kuna kesi?"

"Hilo sijawahi kumuuliza Amondi."

Shauri lenyewe Luhaga alilijua kwa moyo. Amondi, mwalimu wa darasa la kwanza na kinara wa kwaya ya kanisa lao Buhongwa, alikuwa na rovu lililokua taratibu shingoni. Mwaka juzi alilazwa Neema Tele, hospitali binafsi, na Daktari Shimba akaliondoa. Alizinduka hana sauti. Wakamwambia koo limevimba, avumilie, itarudi. Akavumilia karibu mwaka mzima ndipo akaenda kwa mtaalamu wa koo, naye alipopitisha kamera puani aliona uzi mmoja wa sauti umelala kama mtu aliyezimia. Neva inayouendesha ilikuwa imekatwa. Mtaalamu huyo alisema upo upasuaji wa kuusogeza ule uzi ukutane na mwenzake, na sauti ikarudi kwa sehemu kubwa, lakini haufanyiki Mwanza na usicheleweshwe. Bila fidia Amondi hakuwa na njia ya kuufikia.

Hospitali haikubisha kwamba uzi umelala. Ilisema tu kwamba haukulazwa na kisu chake. Muuguzi wa zamu, binti aitwaye Favour, alieleza kwamba jioni ya upasuaji alimsikia mgonjwa akiimba polepole nyuma ya pazia.

"Kama neva ilikatwa mezani," Dorotea alisema, akimwigiza wakili wa upande wa pili hata na namna yake ya kushika tai, "je, mheshimiwa jaji, jioni ile aliimba kwa kutumia nini?" Akaiachia tai ambayo hakuwa nayo. "Na sasa mama anasema anaimba mpaka leo. Ama sauti ilipotea baadaye kwa ugonjwa mwingine, ama haijapotea kabisa na sisi ni matapeli. Vyovyote vile, wanashinda. Tunaanza Jumatatu."

"Favour hakudanganya," Luhaga alisema.

"Wewe mwenyewe ulidhani kapewa kitu."

"Nilidhani. Nikakaa naye, nikamzungusha. Mtu aliyefundishwa la kusema hulirudia vilevile. Yeye kila nikimuuliza anakumbuka kitu kipya. Mara pazia lilikuwa la kijani, mara alisimama asikilize kwa sababu wimbo ulimkumbusha nyumbani. Alisikia kitu, Wakili."

"Basi mteja wangu ndiye mwongo."

Luhaga alikunja kiapo akakirudisha mezani. "Sijasema hivyo. Nipe gari lako mpaka Jumamosi."

*

Nyumba ya Amondi ilikuwa Buhongwa, upande wa juu wa barabara ya Shinyanga, miongoni mwa nyumba mpya ambazo nyingine hazijapigwa lipu. Aliishi na mdogo wake, Rebeka, mshonaji. Cherehani kilikuwa barazani, na Rebeka ndiye aliyempokea Luhaga, akamkaribisha, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akarudi kushona. Amondi alikaa kando akiitikia kwa kichwa. Akisema, ilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake, ya mtu anayenong'ona kanisani.

Luhaga aliwasomea kiapo. Alipofika kwenye wimbo, cherehani kilinyamaza.

"Mama amezeeka," Amondi alinong'ona. "Anachanganya."

"Anachanganya siku, au anachanganya watu?"

"Vyote," alidakia Rebeka. "Kaka Luhaga, ngoja nikuletee chai." Akaondoka upesi, akagonga mlango kwa bega.

Luhaga hakumfuata kwa macho. Aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea, na kupitia kioo cha kabati la vyombo alimtazama Amondi. Mezani palikuwa na bilauri ya maji. Amondi aliichukua, na kabla ya kunywa akageuza shingo upande wa kushoto, akashusha kidevu karibu kigusane na kifua, ndipo akameza, kidogo kidogo. Hata hivyo maji yalimpalia. Kikohozi kilitoka kama upepo unaotoka kwenye tairi, bila mlio wowote. Alijifuta, akatazama kama Luhaga ameona.

Mtaalamu wa koo alishamweleza Luhaga jambo hilo. Uzi mmoja ukilala, mlango wa hewa haufungi sawasawa, na maji hupita njia isiyo yake. Mgonjwa hujifunza mwenyewe kugeuza shingo. Mtu anaweza kuigiza mnong'ono mbele ya jaji. Lakini ni nani aigize kikohozi anapodhani hatazamwi?

Kwa hiyo Amondi alikuwa mkweli. Favour naye alikuwa mkweli. Alibaki mama.

"Nakwenda Rorya," Luhaga alisema.

Amondi aliinuka nusu. "Usimwambie," alinong'ona. "Hajui. Tafadhali. Yeye ndiye aliyenisukuma nikapasuliwe. Nilikuwa sitaki. Alisema hawezi kulitazama lile rovu na akalala usingizi. Akijua..." Pumzi ilimwishia.

"Sitamwambia," Luhaga alisema. "Lakini nitamuuliza."

Rebeka alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

*

Mama Agutu hakuwa mtu wa kuchanganya. Luhaga alimkuta ufukweni, akigeuza dagaa waliotandazwa juu ya nyavu, na kabla hajamaliza kujieleza mama alishamwambia kwamba gari lake linavuja mafuta, kwamba amesimama vibaya na jirani mwenye nyavu atamfokea, na kwamba mbwa yule haumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Msukuma."

"Umejuaje?"

"Unavyoita mama. Kama unaomba maziwa." Alicheka, akamsogezea kigoda. "Umekuja kwa habari ya hospitali? Mwenzako alishakuja. Mtu mzuri. Ameniuliza Amondi anaendeleaje, nikamwambia. Nilifurahi. Hospitali gani siku hizi inamkumbuka mgonjwa?"

"Naomba na mimi uniambie."

Akamwambia, mikono yake ikiendelea kugeuza dagaa. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kanisa, enzi zake. Mabinti aliwafundishia hapahapa ufukweni, wakiwa wadogo, wakifukuza ndege kwenye dagaa. Simu yake ni kitochi, haina picha, na macho yenyewe yamefifia. Jumapili akitoka ibadani anabipu, nao wanampigia. Anasalimiwa na wote wawili, kisha Amondi anaimba ule wimbo wao.

"Sauti nzuri?"

"Nzuri." Akageuza dagaa mwingine. "Ila haji. Sauti inakuja, yeye haji. Krismasi, shule. Pasaka, shule. Mazishi ya shemeji yangu, shule. Shule gani isiyofungwa? Usiku nikilala namkumbuka mpaka naona kama nimeshika kisigino chake. Alikuwa analala hivyo, miguu kwangu."

Ziwa lilikuwa limetulia, na mtumbwi mmoja ulikuwa unarudi na mtu anayekumba maji kwa kopo.

"Niimbie unavyousikia kwenye simu," Luhaga alisema.

"Wewe! Mimi mzee nikuimbie?"

"Mbele ya mbwa tu."

Mama alicheka tena, akafuta mikono kwenye kanga, akaimba. Ulikuwa wimbo wa Kijaluo, na Luhaga hakuelewa neno. Aliifuata sauti tu. Ilianza juu kidogo, ikatembea, na ilipofika kwenye kiitikio ikashuka, ikakaa chini kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

"Hivyo ndivyo anavyoimba?"

"Ndiyo. Tukifika kwenye kiitikio anashuka, ananiachia mimi juu. Labda kidonda kinamchosha. Zamani sikuwa naweza kumfikia mtoto yule. Sasa napanda peke yangu, nahangaika."

Kwenye jalada la Dorotea kulikuwa na video ya kwaya, ya kabla ya upasuaji, na Luhaga alikuwa ameitazama mpaka akaota nayo. Amondi amesimama mbele, kidevu juu, rovu likionekana, akiimba sauti ya kwanza, ile ya juu. Nyuma ya bega lake yuko Rebeka.

"Na Rebeka," aliuliza, kama mtu anayeuliza tu, "yeye huimba sauti gani?"

"Rebeka? Huyo ni wa chini tangu mdogo. Sauti ya pili. Hata umwanzishie juu, umshike mkono, mkifika kwenye kiitikio atashu..."

Mkono wa mama ulisimama juu ya nyavu. Dagaa mmoja alianguka mchangani, na mbwa akamwokota.

Luhaga alishaona watu wengi wakifika mahali ambapo yeye alikuwa akiwaongoza wafike. Safari hii hakutaka. Aliinuka, akashukuru, akaaga. Alikuwa ametimiza ahadi yake kwa Amondi. Hakufichua neno lolote. Alijua pia kwamba hilo halikusaidia kitu.

"Mwanangu," mama alimwita alipokuwa ameshafika kwenye gari. "Wewe umemwona Amondi? Kwa macho?"

"Nimemwona, mama."

"Lini?"

"Jana."

Mama alimtazama kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Kisha akarudi kwenye dagaa wake, akaanza kugeuza waliokwisha kugeuzwa.

*

Luhaga alilala Musoma, na asubuhi ya Jumamosi alifika Kisesa, akakata kushoto kwa barabara ya Usagara, akaingia Buhongwa bila kupita mjini. Alipanga maneno njia nzima, na alipofika hakuyahitaji. Rebeka alimwona tu akishuka, akaacha kitambaa chini ya sindano.

"Amesemaje?"

"Amesema kwenye kiitikio unashuka."

Rebeka alikaa kwenye ngazi ya baraza. Amondi alitoka ndani, akamtazama mdogo wake, akamtazama Luhaga, akakaa naye.

"Nimejaribu," Rebeka alisema. "Mungu ananiona, nimejaribu kukaa juu. Salamu naweza. Kucheka kwake naweza, tumelala kitanda kimoja miaka yote. Lakini ule wimbo, mdomo wangu unajua njia moja tu."

"Ulianza lini?"

"Jioni ileile, hospitali. Mama alibipu, nikampigia. Akasema, nipe nimsikie. Nikamwekea dada simu mdomoni, akafungua mdomo, hakuna kitu. Mama anaita tu, Amondi, Amondi. Anaanza kulia. Nikageukia ukutani nikaimba."

"Pazia la rangi gani?"

Rebeka alishangaa. "Pazia? La kijani. Kwa nini?"

"Kuna muuguzi alikuwa upande wa pili. Alikusikia. Kwenye maelezo yake wewe ndiye Amondi."

Rebeka akaficha uso kwenye magoti. Amondi hakuwa na machozi. Alikuwa akimsugua mdogo wake mgongo, kama anayemtoa mtoto kwikwi.

"Walisema itarudi," Rebeka alisema ndani ya sketi yake. "Nilijua ni ya siku mbili tatu. Ikaja Jumapili, haijarudi. Ikaja nyingine. Tunaweka simu katikati, mimi sikio hili, yeye lile. Yeye anasikiliza tu, anashika mkono wangu. Nikimaliza, mama anasema, asante Amondi, leo nitalala vizuri. Na yeye ndiye anayeitikia kwa kichwa, kana kwamba mama anamwona."

Luhaga aliketi kwenye kiti cha cherehani. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na alijua. Kiapo cha mama na maelezo ya Favour yalikuwa na mzizi mmoja, na mzizi huo ulikuwa umekaa mbele yake ukilia. Kilichobaki ni Rebeka asimame mahakamani aseme.

"Wakili atataka useme hayo mbele ya jaji," alisema. "Na mama atasikia. Watamleta, maana ni shahidi wao."

"Siwezi."

"Usipoweza, dada yako atabaki hivi."

"Kaka, unanitaka nimwambie mama kwamba alimsukuma mtoto wake akakatwe sauti? Kisha nimwambie kwamba nimekuwa namchezea, Jumapili kwa Jumapili?"

Amondi alifungua mdomo kusema kitu. Simu iliyokuwa juu ya cherehani ilimtangulia.

Wote watatu waliitazama. Iliita mara moja, na wakangoja inyamaze, kwa sababu mama hubipu. Haikunyamaza. Iliita ikaita, ikitetemeka kuelekea ukingoni, mpaka Luhaga akaizuia isianguke.

"Hajawahi kupiga," Rebeka alisema. "Na leo siyo Jumapili."

Amondi aliichukua, akaipokea, akaweka spika, akaishikilia katikati yao. Kuku walisikika, na upepo wa ziwa.

"Rebeka," sauti ya mama ilisema.

Rebeka alimtazama dada yake. "Naam, Mama."

"Nimeimba tangu jana. Juu, chini, nimeimba mpaka jirani amekuja kuuliza nani amefariki. Anayeshuka kwenye kiitikio nyumbani kwangu ni mmoja." Alivuta pumzi. "Yule Msukuma aliniambia amemwona. Lakini alikuwa na huruma usoni, na mtu mwenye huruma hudanganya. Niambie wewe. Mmemzika wapi?"

"Mama!"

"Usiniite mama. Niambie kaburi liko wapi nije nikae hapo. Mimi ndiye niliyemwambia aende hospitali. Kwa nini mnanificha kaburi la mtoto wangu?"

Rebeka alifungua mdomo, na safari hii yeye ndiye aliyekosa sauti. Luhaga alishika ukingo wa cherehani. Angeweza kusema, lakini nani angemwamini?

Amondi aliisogeza simu mpaka ikagusa mdomo wake. Akageuza shingo upande wa kushoto, akashusha kidevu, kama anayetaka kunywa maji.

"Mama," alisema.

Ilikuwa pumzi tu. Kuku walikuwa na sauti kubwa kuliko yeye.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Amondi." Akavuta hewa. "Sijafa. Walinikata sauti. Rebeka alikuwa ananisaidia." Akavuta tena. "Usilie."

Mama alisema kwa Kijaluo neno moja, nyathina, mwanangu, akalirudia na kulirudia, na baadaye akapenga kamasi kwa nguvu na kurudi kwenye Kiswahili.

"Yule wa sukari alitaka nini kwangu?"

Rebeka ndiye aliyejibu, akijifuta kwa kipande cha kitambaa. "Ni kesi, Mama. Dada ameishtaki hospitali. Kile ulichobonyeza dole kinasema dada anaimba."

"Kumbe nimembonyezea mwanangu." Akapenga tena. "Huyo Msukuma yupo hapo?"

"Nipo, mama."

"Lini hiyo mahakama?"

"Jumatatu."

"Mwambie wakili wenu nakuja. Dole gumba langu ninalo bado. Rebeka, na wewe utasimama useme, unasikia? Utasema ulivyoimba. Uimbe hata mbele yao kama hawaamini, washuhudie unavyoshuka."

"Nitasema, Mama."

"Haya. Tokeni hapo sasa, nyote. Simu hii ni ya Amondi."

Luhaga aliinuka. Rebeka naye aliinuka, akamwachia dada yake ngazi, na wakasimama pamoja kwenye ua, migongo yao ikielekea barazani, kama watu wanaongoja mvua ipite. Luhaga alitoa simu yake kumwandikia Dorotea, akaitazama, akairudisha mfukoni. Dorotea angeweza kungoja kidogo.

Nyuma yao sauti ya mama ilikuwa inatoka kwenye spika, wazi kabisa, ikikata ua mzima.

"Sema tena."

Hawakusikia alichosema Amondi.

"Sema tena," mama alisema. "Polepole. Nimesogeza sikio."